Tuliuza siti za ndege, tukaingia Tanga kwa Noah

“Mwambie aongeze,” alisema mama mdogo.

Binti wa getini, skafu ya shirika shingoni na kipaza sauti mkononi, alinitazama mimi. Kiswahili hakukijua hata neno, lakini mkono wa mama mdogo uliokuwa ukipunga hewani kama unafukuza nzi aliuelewa vizuri. Alikuwa ametangaza mara mbili kwamba ndege imejaa kupita kiasi, na kwamba abiria wawili watakaokubali kusafiri kesho yake watapewa vocha ya euro 250 kila mmoja.

“Mia mbili na hamsini ni bei ya asubuhi,” mama mdogo aliniambia. “Mwambie saa hizi ni usiku, na mwenye shida ni yeye, si mimi.”

Mama mdogo ameuza khanga Ngamiani, Tanga, kwa zaidi ya miaka 30. Amewashusha bei wenye maduka ya jumla wa Kariakoo na amewapandishia watalii wa Raskazone. Sikutafsiri kila neno lake, lakini niliyotafsiri yalitosha. Binti akapanda hadi 300, akaenda kunong’ona na mwenzake kwenye kompyuta, akarudi na 400. Mama mdogo akadai mahali pa kulala. Akapewa. Akadai chakula, tena kisicho na nguruwe. Akapewa. Tukatia saini, siti zetu mbili zikaenda kwa wengine, na sisi tukageuka na mabegi ya mkononi tukitembea kama watu waliookota pochi.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Nyumbani tulifika Ijumaa saa saba mchana, ndani ya gari aina ya Noah lililobeba watu kumi na mmoja na kuku wawili. Tangu kufunga mlango wa nyumba tuliyofikia Ulaya hadi kushuka Ngamiani, safari iliyopangwa kuchukua kama saa 30 ilichukua saa 72.

Nilipomsimulia mhariri wangu alicheka. Kisha akaacha kucheka, akauliza: “Lakini kwa nini wauze siti ambayo hawana?” Akanipa wiki mbili nimletee jibu. Shirika lenyewe sitalitaja, wala uwanja, kwa sababu ukiutaja ule uwanja umeshalitaja shirika.

Samaki wa jioni

Siti ya ndege ni kama samaki wa pale Deep Sea, Tanga. Asubuhi ana bei. Saa kumi jioni bei imelegea. Usiku anabaki wa paka. Ila samaki ana nafuu, maana aliyebaki anaweza kutiwa chumvi na kuanikwa akawa ng’onda. Siti haianikwi. Mlango wa ndege ukishafungwa, siti tupu imeoza pale pale, na mafuta ya kuibeba hadi mwisho wa safari yamelipiwa.

Mashirika yanajua kwamba si kila aliyekata tiketi atatokea. Mmoja kakwama kwenye foleni, mwingine kaugua, mwingine ndege yake ya kuunganisha imechelewa. Mwingine ni mtu wa kampuni mwenye tiketi ya bei kubwa inayobadilishwa wakati wowote, naye kaamua kulala mpaka kesho. Tuseme ndege ina siti 200, na kumbukumbu za safari hiyo zinaonyesha kuwa watu kama kumi huwa hawaonekani. Shirika litauza tiketi 206, pengine 208. Siku nyingi hesabu inatoka na hakuna abiria anayejua kwamba siti yake iliuzwa kwa matumaini. Siku chache watu wote 208 wanatokea, kila mmoja na begi lake na pasi yake ya kusafiria. Hapo ndipo kipaza sauti kinapowashwa.

Msomaji aliyezoea mabasi yetu atasema hili analijua. Siti namba 14 ya kwenda Arusha imeuzwa mara mbili, mnakutana ndani ya basi kila mmoja na karatasi yake, na mpiga debe aliyewauzia hayupo. Tofauti ni kwamba kwenye basi tunauita wizi, na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, imesukuma tiketi za kielektroniki kwa sababu kama hizo. Kwenye ndege jambo lile lile linafanywa na idara nzima yenye wataalamu wa hesabu, na katika nchi nyingi halivunji sheria yoyote.

Mashirika yanajitetea, na utetezi wao si wa kudharau. Yanasema siti tupu ni hasara ambayo lazima mtu ailipie, na mtu huyo ni abiria mwenyewe, kupitia nauli. Yanasema pia kwamba anayekubali kusubiri anafurahi, anayepewa siti yake anafurahi, na ndege inaondoka imejaa. Mama mdogo, usiku ule hotelini, alikuwa ushahidi wao. Alikula kuku nusu, akaoga maji ya moto mara mbili, akapiga simu Tanga kuwahesabia ndugu euro zake.

Lakini yapo mashirika yanayoishi bila mchezo huo. JetBlue ya Marekani ilijijengea sera ya kutouza kupita siti ilizonazo. Southwest ilitangaza mwaka 2017 kwamba inaacha. Zote ziliendelea kuuza nauli za watu wa kawaida. Kwa hiyo ile hoja kwamba bila kuuza zaidi nauli zitatushinda, mimi naipokea kwa kidole na gumba.

Bahasha ya Simon

Zamani hapakuwa na kuulizwa nani yuko tayari kubaki. Siti zikipungua, shirika lilichagua nani abaki, na mara nyingi aliyebaki ni aliyechelewa kufika au aliyeonekana hatapiga kelele.

Mwaka 1968 mchumi wa Marekani, Julian Simon, aliandika pendekezo dogo katika jarida la uchumi wa usafiri. Abiria wapewe karatasi na bahasha. Kila mmoja aandike kiasi kidogo kabisa ambacho akilipwa atakubali kusubiri ndege inayofuata. Bahasha zifunguliwe, wenye bei ya chini walipwe na wabaki, wengine waondoke. Hakuna anayelazimishwa, na mwenye msiba au mgonjwa hataguswa kwa sababu bei yake itakuwa juu. Wenye mashirika walimcheka. Waliona ni kichekesho, ndege kugeuzwa nyumba ya mnada.

Miaka minne baadaye walimgusa mtu asiyefaa kuguswa. Aprili 1972 mtetezi wa walaji Ralph Nader alifika uwanjani Washington akiwa na tiketi ya Allegheny Airlines kwenda Hartford, akaambiwa ndege imejaa. Akaenda mahakamani. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba anayo haki ya kulishtaki shirika kwa kumficha abiria kuwa tiketi zinauzwa kuzidi siti.

Ndipo ile bahasha ikakumbukwa. Mwaka 1978 bodi iliyokuwa ikisimamia usafiri wa anga Marekani, chini ya mchumi Alfred Kahn, iliyaamuru mashirika yatafute kwanza wanaojitolea kabla ya kumnyima mtu siti kwa nguvu. Bahasha zenyewe hazikutumika. Kilichobaki ni kipaza sauti, na mnada wa Simon ukageuzwa kichwa chini. Yeye alitaka abiria ndiye ataje bei. Leo, mara nyingi, mwenye kutaja bei ni shirika, na abiria anakubali au anakaa kimya.

> Simon alitaka abiria ndiye ataje bei. Leo anayetaja ni shirika, na abiria anakubali au anakaa kimya.

Kwamba ukimya nao una hatari, dunia iliona tarehe 9 Aprili 2017 katika uwanja wa O’Hare, Chicago. Ndege iliyoruka kwa jina la United kwenda Louisville ilikuwa imeshapakia. Wafanyakazi wanne wa shirika walihitaji siti ili wawahi kazi huko. Abiria waliahidiwa vocha ya dola 400, kisha 800. Hakuna aliyeinuka. Kompyuta ikachagua wanne. Watatu wakashuka. Wa nne, daktari David Dao, mwenye umri wa miaka 69, akakataa akisema ana wagonjwa wa kuwaona. Askari wa uwanja walimvuta kwenye ujia wa ndege akivuja damu mdomoni, simu za abiria zikirekodi. Alivunjika pua na kupoteza meno mawili.

Kabla mwezi haujaisha United ilitangaza kwamba mawakala wake wanaweza kupanda hadi dola 10,000 kwa anayejitolea. Delta ilikuwa imeshasema 9,950. Mimi nilipoziona namba hizo nilijiuliza kitu kimoja tu: kama uwezo wa kufika huko walikuwa nao siku zote, nani alikuwa amewaambia wasimame kwenye 800?

Chai na Mlubumbashi

Asubuhi ya Jumatano, kwenye chai ya hoteli, tulikaa meza moja na kijana wa Lubumbashi. Alitusikia tunazungumza akaja na kikombe chake. Naye aliachwa na ndege ile ile, ila yeye hakujitolea. Alifika getini baada yetu, akakuta hata siti zetu mbili hazikutosha.

“Miye nilikatala kubakia, mama,” alisema kwa Kiswahili chao cha Katanga. “Njo banilipa franka.”

“Kiasi gani, baba?”

“Mia sita.”

“Vocha?”

“Hapana. Franka.” Kwao franka ni fedha mkononi.

Mama mdogo aliweka kijiko chini. Sijawahi kuona mtu aliyeuza khanga miaka 30 akiangalia sukari kwa namna ile.

Kijana yule hakuwa mjanja kuliko sisi. Alikuwa tu ndani ya sheria ambayo sisi tulitoka nje yake kwa saini zetu. Tangu Februari 2005 inatumika kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004. Anayenyimwa siti bila ridhaa yake, katika safari ya zaidi ya kilometa 3,500 kama hizi za kuja kwetu, fidia yake ni euro 600. Safari fupi ni 250, za katikati ni 400. Fedha hizo hulipwa taslimu, benki au kwa hundi, na vocha ni mpaka mwenyewe akubali kwa maandishi. Juu ya fidia kuna chakula, hoteli na usafiri wa kwenda hotelini, bure.

Kanuni hiyo hiyo inalitaka shirika lianze kwa kuwaita wanaojitolea. Na hapa ndipo penye mwiba. Anayejitolea analindwa kwa jambo moja tu, kurudishiwa nauli yake au kufikishwa mwisho wa safari kwa njia nyingine. Zile 600 si zake. Chakula na hoteli si haki yake kisheria. Anapata alichokubaliana nacho pale kaunta, basi. Mama mdogo alipodai kitanda na kuku alikuwa anadai kitu ambacho, kama asingekisema, wangeweza kumwacha alale kwenye benchi na wasiwe wamevunja kanuni.

> Mama mdogo alipanda kutoka 250 hadi 400 akidhani anapanda mlima. Kumbe alikuwa bado bondeni.

Binti wa getini alizijua zile 600. Ndiyo kazi yake kuzijua. Kila mtu aliyemshawishi kwa 400 za vocha alimpunguzia mwajiri wake 600 za fedha. Simlaumu sana, hata sisi sokoni hatumwambii mteja tulinunua kwa bei gani. Lakini sokoni mteja anaweza kwenda meza ya pili akauliza. Getini meza ni moja, dakika zinahesabika, na bei ya kweli iko kwenye kanuni ambayo tangazo lake, kwa mujibu wa sheria, linatakiwa kubandikwa kaunta ya kujiandikishia. Nililiona siku ya pili. Lilikuwa nyuma ya mmea.

Kwa maoni yangu kosa haliko kwenye kumlipa mtu ili asubiri. Wapo wanafunzi na wastaafu ambao usiku mmoja wa hoteli na mia nne mkononi ni neema kwao. Kosa ni kumwita mtu mnadani huku bei ya kuanzia umeikalia.

Vocha zenyewe nilizisoma vizuri hotelini, kwa miwani ya mama mdogo. Mwaka mmoja, shirika lile lile, jina lile lile, hairithishwi wala haiuzwi. Mama mdogo husafiri nje ya nchi mara moja kwa miaka mingi. “Yaani wamenipa khanga ya duka lao,” alisema, “nikaivae dukani kwao.”

Hoteli yako haina mjukuu wangu

Haraka yetu ilikuwa ya harusi. Mjukuu wa mama mdogo alikuwa anaolewa Jumamosi, akdi saa nne asubuhi. Kabla yake, Alhamisi usiku, kulikuwa na kumsinga bibi harusi, kumpaka singo ya liwa, karafuu, mkalasha na maua. Katika ukoo wetu mkono wa singo ni wa mama mdogo. Amewasinga binti zake, wapwa zake na nusu ya mtaa. Hesabu yake Jumanne usiku ilikuwa sahihi kabisa: tukiruka Jumatano, Alhamisi asubuhi tuko Nairobi, mchana Dar, magharibi Tanga.

Ndege ya Jumatano iliondoka kwa kuchelewa saa tano. Tatizo la ufundi, walisema. Tulishuka Jomo Kenyatta karibu na adhuhuri ya Alhamisi, ndege ya Dar imekwenda, na dada wa kaunta alitafuta kwenye kompyuta yake kwa moyo safi.

“Poleni sana, mama. Kuna nafasi mbili kesho usiku. Tutawapa hoteli.”

“Mwanangu,” mama mdogo alimjibu, “hoteli yako nzuri, lakini haina mjukuu wangu.”

Kesho usiku maana yake ni Dar Ijumaa karibu na saa sita usiku, basi la alfajiri, Tanga mchana wa Jumamosi, akdi imekwisha. Binamu yangu anayeishi Nairobi ndiye aliyetoa wazo kwa simu: teremkeni kwa treni. Tukaulizwa kama tunaikataa ndege ya kesho. Tukasema ndiyo. Tukaletewa karatasi. Tukatia saini tena. Saini hii ya pili ikumbukeni.

Mabegi makubwa yalikuwa na lebo ya Dar, na Dar yakaenda. Hatukuyaona tena hadi wiki iliyofuata, yalipotumwa kwa basi kutoka stendi ya Mbezi. Kwenye begi la mkononi mama mdogo alikuwa na shela ya bibi harusi, dawa zake za presha na chupa mbili za marashi. Zile chupa zilivuka viwanja kwa sababu alikuwa amezinunua ndani ya duka la uwanja, na alitunza risiti yake kuliko pasi ya kusafiria.

Kituo cha treni cha Syokimau hakiko mbali na uwanja. Treni ya mchana ilikuwa imejaa, imejaa kwa maana ya kale ya neno hilo, siti zimekwisha na hawauzi nyingine. Ya saa nne usiku ilikuwa na nafasi mbili za ekonomi, mabehewa tofauti. Mtu mmoja alikubali kuhama ili tukae pamoja. Hakudai kitu.

Reli hiyo ilianza kubeba abiria katikati ya mwaka 2017, na wanaoisifu huzungumzia tembo wa Tsavo dirishani. Usiku hakuna tembo. Kuna dirisha jeusi na sura yako mwenyewe iliyochoka. Saa tatu usiku, tukiwa tunasubiri kuingia, simu ya Tanga ililia. Nyuma ya sauti ya shangazi yangu niliisikia ngoma. Walikuwa wameanza. Mama mdogo alieleza kwa simu karafuu ziwe kiasi gani, liwa isuguliwe kwenye jiwe gani, asipakwe shingoni kwanza. Kisha akarudisha simu, akajifunika khanga usoni. Sikujua kama amelala.

Tulifika Miritini kabla ya alfajiri. Teksi hadi Likoni, swala, mahamri na mbaazi kwa mama wa pembeni, kisha feri. Kwa mwenda kwa miguu feri ni bure. Ndicho chombo pekee katika safari nzima ambacho hakikutuuzia siti, kwa hiyo hakikuwa na cha kutunyang’anya. Ng’ambo tukapanda matatu: Tiwi, Ukunda, Msambweni, minazi upande huu na miwa upande ule, kondakta akipiga kelele kama analipwa kwa neno. Lunga Lunga na Horohoro siku hizi ni kituo kimoja cha mpakani, unagongewa mhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja. Afisa alizitazama pasi zetu, akaona mhuri wa Ulaya, mhuri wa Nairobi, akatutazama miguuni.

“Mmetoka Ulaya kwa njia hii?”

“Kwa njia hii hii, mwanangu,” alisema mama mdogo. “Tuliuza ndege.”

Kilichopo upande wetu

Katika zile wiki mbili za mhariri niliziangalia sheria. Ile ya Ulaya inaufuata uwanja kwanza. Ndege yoyote inayoondoka uwanja wa Umoja wa Ulaya inabanwa nayo, iwe ya shirika la Ulaya, la Ghuba au la Afrika. Ukiwa unakwenda Ulaya, inakulinda kama shirika linalokubeba ni la huko. Mtanzania anayeondoka Dar kwa shirika la Ulaya yumo. Jirani yake wa foleni anayekwenda mji ule ule kwa shirika la Ghuba hayumo. Uingereza ilipojitoa kwenye Umoja iliibakiza kanuni hiyo kwenye vitabu vyake, na kwa safari ndefu fidia yake ni pauni 520. Marekani nayo, tangu Januari 2025, imepandisha kikomo cha lazima kwa anayenyimwa siti hadi dola 2,150. Wanaojitolea huko hawana kikomo, wanapatana.

Nje ya hapo tunarudi kwenye Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama. Mkataba huo unalibebesha shirika hasara inayotokana na kuchelewa, kikomo chake tangu Desemba 2024 kikiwa vipimo 6,303 vya fedha za Shirika la Fedha la Kimataifa. Ni fedha nyingi, lakini si zako mpaka uthibitishe hasara yako kwa karatasi: risiti ya hoteli, nauli uliyolipa mara ya pili, mkataba uliokosa. Hauna fungu la kupewa getini bila kuthibitisha lolote, kama zile 600 za kijana wa Lubumbashi. Mlalamikaji wa Tanzania anaweza kupeleka shauri lake Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, au kwenye baraza la watumiaji wa huduma hizo, na wa Kenya kwenye mamlaka yao, KCAA.

Lipo na jambo ambalo sikulitegemea. Novemba 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi inayojulikana kwa jina la Sturgeon, iliamua kwamba anayefika kwa kuchelewa saa tatu au zaidi anastahili fidia sawa na aliyefutiwa ndege, isipokuwa shirika lithibitishe kuwa sababu ilikuwa nje ya uwezo wake. Hitilafu za kawaida za ufundi, mahakama imeshasema, si udhuru. Kwa hiyo siti ya Jumanne tuliiuza kwa 400 za vocha, lakini saa tano za Jumatano hatukumuuzia mtu.

Nilituma madai. Jibu lilikuja baada ya siku 19, la heshima sana: abiria waliikatisha safari kwa hiari yao Nairobi, rejea waraka waliousaini. Ile saini ya pili. Nimewajibu kwamba tulikuwa tumeshachelewa kabla ya kalamu kuletwa. Namba ya kumbukumbu ninayo. Suala liko mezani, walisema, ila hawakusema meza ya nani.

Ijumaa, saa saba

Noah tuliyopanda mpakani ilitushusha kwenye kona ya barabara yetu, Ngamiani. Turubai limeshafungwa, masufuria yamepangwa, watoto wakakimbia kuchukua mabegi ya mkononi tuliyokuwa nayo wakidhani mengine yanakuja nyuma. Vigelegele vilipigwa. Mama mdogo hakuvua viatu kwanza, jambo ambalo kwake ni kubwa. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha ndani.

Bibi harusi alikuwa amekaa mkekani, hina ikikauka miguuni. Mama mdogo alimshika mkono, akaugeuza, akaunusa kuanzia kifundo hadi kiwiko, taratibu, macho yamefumba.

“Nani kakusinga?”

“Shangazi, bibi. Kwa maneno yako ya kwenye simu.”

Akanusa tena.

“Karafuu zimepungua,” alisema, akaanza kufunga khanga kiunoni na kuagiza aletewe jiwe.